Ukili wa Marehemu Mrisho

Mashine iliposema kwamba Mrisho Kabwe alihama makazi, Bi. Sikudhani aliinua kichwa akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyetema mate sebuleni.

"Rudia," alisema.

"Mshiriki alihama makazi wakati wa utafiti na hakuonekana tena," mashine ikarudia kwa ile sauti yake laini isiyojua kuchoka. "Hakuhesabiwa miongoni mwa waliodhurika."

"Alihama." Bi. Sikudhani alilionja neno lile kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi wa mwenzake. "Ni kweli alihama. Mimi ndiye niliyemwosha kwa mikono yangu hii, nikamfunga kidevu. Makazi yake mapya yako nyuma ya msikiti wa Ijumaa, na jiwe la kichwani na la miguuni lipo. Mtafiti gani huyo aliyeshindwa kuyaona?"

Mashine haikufundishwa kujibu kejeli. Nesi Bernadeta, binti wa Kiha aliyekuwa amemkalisha kwenye kiti cha warithi, alishusha macho.

Chumba kile kilikuwa kwenye hospitali ya Kisima cha Heri, pale Ujiji, na ukuta wake mmoja mzima ulikuwa wa mwanga. Mwanga wenyewe ulisukwa, ukili kwa ukili, kijani juu ya samawati, kupita chini, kupita juu. Serikali iliuita Mfumo wa Ushahidi. Watu waliuita Mkeka, na jina la watu ndilo lililoshika.

Mkeka ulikuja baada ya miaka ya dawa kufa. Vijidudu vilikuwa vimezizoea dawa zote za zamani, hata wajukuu wakasimuliwa habari za penisilini kama wanavyosimuliwa za sungura na fisi. Wasomi nao, kwa pupa ya kusifiwa, walikaanga makala kama maandazi ya asubuhi, mengi mabichi ndani, na walioyala wakafa. Basi ikapitishwa sheria kwamba dawa isitoke kwenye kabati la wodini, mashine inayoigawa na kuwasomea wagonjwa maelekezo, ila chini yake pawe na makala iliyo hai. Na makala inasukwa kwa watu, wale waliotoa miili yao wajaribiwe. Kila mmoja wao ni ukili. Akifa, ukili wake unarithiwa, na mrithi ana haki ya kuja kusomewa yaliyoandikwa juu ya marehemu wake. Bi. Sikudhani alikuja kwa haki hiyo, amevaa kanga mpya na kujitia udi, kama anayekwenda kusikia salamu za mumewe.

"Nisomee na palipoandikwa juu ya waliofunga," alisema.

"Waliofunga Ramadhani walimeza dozi zote za siku kati ya futari na daku. Hakuna aliyedhurika."

Bi. Sikudhani aliijua kauli hiyo. Aliikumbuka sauti iliyoyasema maneno hayo mara ya kwanza, haikuwa ya mashine. Ilikuwa ya Profesa Twalib Songoro, barazani pa msikiti, kanzu yake nyeupe pe, akiwaambia wagonjwa wake kwamba dawa mpya haizuii saumu. Mrisho alirudi nyumbani anacheka kwa furaha. Homa ilikuwa imemkondesha, lakini alisema heri amalize mwezi wa Mungu na wenzake. Akameza vidonge vya usiku kama alivyoelekezwa. Uso ukavimba, miguu ikavimba, mkojo ukakatika. Profesa alikuja mwenyewe hadi kitandani, akamfunua kope, akambonyeza mguu, shimo la kidole likabaki. Aliliangalia shimo lile kwa muda. Kisha akaondoka na watu wake bila hata kuaga, na maziko hakuyaona.

"Mwanangu," alimwuliza Bernadeta, "kabati linawaambia nini wagonjwa wa leo?"

Bernadeta alishusha sauti. "Linasoma hivyo hivyo, mama. Kabati halijui kitu nje ya makala."

Na mwezi wa Ramadhani ulikuwa mlangoni.

*

Homa ya matumbo sugu ilikuwa imeingia Ujiji na masika, ikapita kwenye visima na kwenye juisi za barabarani. Kilichoishinda ni Tanganisini peke yake, dawa iliyotokana na kijidudu ambacho Profesa Songoro alikitoa kwenye tope la ziwa. Ndege-nyuki ziliileta kutoka kiwandani, zikaishusha juu ya paa, na kabati la ukutani likaigawa wodini, kila mgonjwa kwa saa yake, likizungumza naye kwa jina.

Wodi ya wanawake ilijaa hadi kwenye korido. Kitanda cha dirishani alilala Mwanahawa, mkamwana wa Tausi, na Tausi, jirani wa Bi. Sikudhani tangu ujana, alikuwa akimpepea kwa ungo.

"Shoga, huyu asifunge," Bi. Sikudhani alisema kabla ya salamu kukamilika.

"Ala! Asifunge kwa nini, na kabati limemruhusu?"

"Mrisho alifunga."

"Mrisho, Mungu amrehemu, siku yake ilifika. Wewe kila mtu akikohoa, Mrisho. Mtoto wa watu amefurahi hapa, ndiyo Ramadhani yake ya kwanza nyumbani kwa mume, unataka nimwambie nini? Eti shoga yangu kajua kuliko kabati?"

Mwanahawa alitabasamu kitandani, midomo imekauka. "Nitaiweza, bibi. Nimeshaanza kupata nafuu."

Bi. Sikudhani alikwenda kwa sheikh. Sheikh alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia kahawa, akamwambia kwamba Profesa ni mtu wa safu ya kwanza msikitini, mwenye makala zaidi ya mia mbili, naye sheikh hana hata moja. Alipotoka kwa sheikh akarudi kwa Bernadeta, akamwuliza njia zilizobaki.

"Ni mbili, mama," Bernadeta alimweleza wakiwa kwenye ngazi za nyuma, mahali wauguzi wanapokunywa uji. "Wewe mrithi unaweza kuvuta. Ukiuvuta ukili wako, makala ile inafumuka, na ile ni Makala Mama. Zote alizoandika Profesa baadaye zimesukwa juu yake. Zitafumuka zote."

"Alhamdulillahi."

"Ngoja, mama, usishukuru. Na Tanganisini itafungwa nchi nzima mpaka utafiti ufanywe upya. Inaweza kuwa mwaka. Kina Mwanahawa hawana mwaka."

Bi. Sikudhani alikunja pindo la kanga.

"Njia ya pili ni ya mwandishi. Yeye anaweza kusahihisha, kwa sauti yake mwenyewe mbele ya Mkeka. Dawa itabaki, maelekezo yatabadilika. Ila sheria ni kali kwa aliyeficha kifo. Jina lake linang'olewa kwenye kila alichowahi kuandika. Makala zinabaki, mwenyewe hayupo."

"Kwa hiyo mimi nikivuta wanakufa wagonjwa, na nisipovuta wanakufa wanaofunga saumu."

"Ndiyo, mama."

"Na yeye akitaka, hafi mtu."

"Hafi mtu."

Akainuka, akakung'uta kanga yake. Kama tungeweza kuingia moyoni mwake saa ile, tungekuta huruma imekaa, ni kweli, lakini imekaa pembeni kama mgeni asiyejulikana kaletwa na nani. Aliyeshika nafasi ya katikati alikuwa kisasi. Hakutaka tu ukweli uandikwe. Alitaka mtu yule auseme kwa kinywa chake, watu wakimtazama, kisha akose pa kushika.

"Andika nimekuja kuvuta," alimwambia Bernadeta. "Siku ya kuamkia mwezi, baada ya adhuhuri. Na sheria inasema mwandishi ajulishwe, sivyo? Basi ajulishwe."

*

Alijulishwa. Profesa alikuja nyumbani kwa Bi. Sikudhani kesho yake asubuhi na kikapu cha tende, kama ilivyo desturi ya watu kupelekeana kitu Ramadhani ikikaribia.

"Hodi wenyewe! Hodi, shemeji!"

"Karibu. Ushemeji huo umeanza lini?"

Profesa Songoro alicheka kidogo, akavua viatu, akaketi kwenye kiti cha mbao. Alikuwa amezeeka vizuri, ndevu zimechongwa, ngozi inang'aa. "Mrisho alikuwa ndugu yangu, Bi. Sikudhani."

"Ndugu gani asiyelijua kaburi lake?"

"Shughuli zilinizidi siku zile."

"Nimesikia. Ulikuwa unamwandikia uhamisho."

Kikapu cha tende kilikaa katikati yao, hakuna aliyekigusa. Profesa akabadili sauti, akaleta ile ya darasani. Alimweleza kwamba mwaka ule watoto walikuwa wanazikwa wawili wawili, kwamba kamati ya dawa ilikuwa na woga, kwamba kifo kimoja tu kingeifungia Tanganisini milango. "Niliweka mtu mmoja kwenye mizani, na upande wa pili nikaweka nchi. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningemzika kwanza," alisema Bi. Sikudhani. "Halafu dawa ikipita, ningesema kweli. Imepita siku nyingi, Profesa. Mbona hukusema?"

Hapo darasa likamwishia. Alizungusha pete kidoleni.

"Shemeji, vyuo vinafundisha kwa jina langu. Kuna kijidudu kinaitwa kwa jina langu. Nikikiri, kila ukurasa utaandikwa hauna mwenyewe. Nitakufa kama mtu ambaye hakuwahi kuishi."

"Mrisho ameshazoea. Na wewe utazoea."

"Nitamwambia sheikh kimya kimya awakataze wagonjwa kufunga. Hilo nakuahidi."

"Wa Ujiji. Na wa Tabora? Na wa Pemba? Kabati linasema nchi nzima."

Profesa akasimama. Alipovaa viatu, uso wake ulikuwa umerudi kuwa wa mtu anayejua. "Hutavuta," alisema kwa upole. "Nimekujua wewe, mtu wa swala tano. Mle wodini kuna roho. Utaziua zile, kisha ukasimame mbele ya Mola ukamwambie nini?"

"Na wewe Munkari akija kaburini kukuuliza habari za Mrisho? Utamwambia naye kwamba alihama makazi?"

Alimrudishia kikapu mkononi, akafunga mlango. Kisha akaketi chini palepale nyuma ya mlango, kwa sababu mtu yule alikuwa amempiga mahali palipokuwa pakiuma tayari.

*

Siku ilipofika, watu walijaa hadi nje ya chumba cha Mkeka. Profesa Songoro alipewa kiti cha mbele. Alikaa mguu juu ya mguu kama mtu aliyealikwa kusikiliza kasida.

Sheria, kwa kuogopa hasira za warithi, iliweka muda wa kutafakari. Anayetaka kuvuta huweka kiganja juu ya bamba la shaba, akasema sala ya dini yake, yoyote aichaguayo. Sala ikiisha na kiganja bado kipo, ukili unakatika, na hakuna wa kuurudisha. Wakatoliki wengi huchagua rozari.

"Umechagua maneno gani?" mashine ikauliza.

"Tahalili," akajibu. "Ya marehemu mume wangu. Tasbihi nzima."

Akaweka kiganja cha kushoto kwenye bamba. Ukutani, mahali fulani chini kabisa ya Mkeka, ukili mmoja uligeuka mwekundu. Ulikuwa mwembamba, hata mtu angeweza kuudhani uchafu. Kisha wekundu ukaanza kupanda, ukashika makala ya pili, ya tano, ya ishirini, ukasambaa kama mafuta kwenye karatasi, mpaka jina la Twalib Songoro, lililong'aa kila mahali kwenye ukuta ule, likawa linawaka damu.

"La ilaha illa Llah," alisema Bi. Sikudhani, na punje ya kwanza ikapita kidoleni.

Kutoka wodini, sauti ya kabati ilisikika hadi huku. "Ushahidi wa Tanganisini unatikiswa. Dawa imefungwa."

Kabati halitoi dawa ambayo Mkeka wake unatikiswa, hata kwa punje moja. Hilo alikuwa ameambiwa. Kuambiwa na kusikia ni mambo mawili. Miguu ya wauguzi ilikimbia. Mtu alipiga kabati kwa ngumi. Kilio kikapanda, na ndani ya kilio Bi. Sikudhani aliitambua sauti ya Tausi kabla Tausi hajaingia akisukuma watu, kilemba kimemwanguka.

"Sikudhani! Saa ya Mwanahawa imefika, kabati limegoma! Toa mkono!"

"La ilaha illa Llah."

"Shoga, toa mkono! Mtoto anatetemeka kule!" Akamshika bega, Bernadeta akamzuia, maana sheria hairuhusu kumgusa mwenye bamba. Tausi akalia kwa hasira. "Haya, Mungu unamtaja kwa mdomo, na mkono unamnyonga mtoto wa watu. Tahalili gani hiyo? Mrisho mwenyewe angeikubali?"

Neno lile lilimchoma. Kidole kilisita juu ya punje. Alimwona Mrisho alivyokuwa, mtu aliyeshindwa hata kuchinja kuku wake mwenyewe, na akajua kwamba hapana, Mrisho asingeikubali. Akajua pia kwamba kule Tabora na Pemba walikuwepo kina Mrisho wengine wanaochekelea vidonge vya usiku, na kwamba mtu mmoja tu chumbani humu angeweza kuwaokoa wote bila kuua yeyote, naye amekaa mguu juu ya mguu. Alimtazama. Profesa alikuwa amekiona kidole kikisita. Alitabasamu, kidogo sana, pembeni ya mdomo.

Bi. Sikudhani akaipitisha punje. Akapitisha nyingine. Sauti yake ikakaza.

Punje zilizopita zilirefuka chini ya mkono wake, zilizobaki zikafupika. Kila mtu aliziona. Tabasamu la Profesa lilikauka kwanza, kisha mguu ukashuka. Akaanza kuutazama ukuta, kule juu, chini, na kurudi juu, na midomo yake ikaenda kama ya mtu anayejumlisha. Hata hapo hakumhurumia mtu. Alikuwa akipima: punje zikiisha, makala zake zote zitafumuka; akisema, makala zitabaki, ingawa hazitakuwa zake. Mzazi mwovu naye hutaka watoto wake waishi.

"Nasahihisha!" alipiga kelele. "Mimi mwandishi, nasahihisha!"

"Mwandishi aseme," ikajibu mashine.

"Mshiriki aitwaye Mrisho Kabwe... hakuhama."

"Mwandishi aseme lililompata."

Profesa aliushika ukingo wa kiti. "Alikufa. Figo zilisimama. Dozi za mchana zilirundikwa usiku, figo zikashindwa. Nilimwona kwa macho yangu. Nilijua."

"Mwandishi alijua?"

"Nimesema nilijua!"

Majina hayakuzimika kwa kishindo. Yaling'oka moja moja, kama magamba ya samaki kwenye kisu, kutoka juu hadi chini, na kila lilipong'oka wekundu ulirudi kuwa kijani. Mkeka ulibaki mzima. Palipokuwa na Songoro palikuwa na nafasi wazi, na chini kabisa, kwenye ukili ule mwembamba, mashine ilikuwa imeandika maneno mawili: Mrisho, amefariki.

Bi. Sikudhani aliinua kiganja. Kilikuwa kimeloa jasho, na alama ya bamba imekaa nyamani.

Wodini kabati lilifunguka kwa mlio, na sauti ile ile laini ikasema jipya: "Mwanahawa, hii ni dawa yako. Anayetumia Tanganisini asifunge. Atalipa siku zake akishapona." Tausi alitoka mbio bila kumtazama shoga yake.

Watu walimpisha yule mzee kama wanavyompisha mtu aliyemwagikiwa na maji machafu. Alikuja hadi kwenye kiti cha warithi. Hakuwa na jina la kujitambulisha nalo, naye alionekana kulitafuta.

"Bi. Sikudhani, nimesema. Mbele ya watu wote nimesema. Kesho ni Ramadhani. Nisamehe."

Bi. Sikudhani alimtazama usoni kwa utulivu, akaona machozi yakimtoka, na kwamba yalikuwa ya kweli. Hayakumlainisha moyo.

"Haki ya kuvuta niliirithi," alisema. "Ya kusamehe hawakunirithisha. Ile alikwenda nayo mwenyewe."

Yule mzee aliinamisha kichwa, akatoka. Mlango wa hospitali, uliozoea kumfungukia kwa kumtambua, ulikaa umefungwa mbele yake mpaka mlinzi alipokuja kuusukuma kwa mkono.

Chumba kikabaki na wanawake wawili. Bernadeta alikuwa akipangusa bamba kwa kitambaa, akalipangusa mara ya pili, ingawa lilikuwa safi tangu mara ya kwanza.

"Mama," alisema mwishowe, bila kugeuka. "Ulikuwa unamtisha tu. Sivyo?"

Bi. Sikudhani aliitazama tasbihi mkononi. Punje zilizosalia zilitosha kwenye ncha za vidole.

"Zilibaki hizi," alisema. "Ningezimaliza."

Kitambaa kilisimama juu ya shaba. Nje, muadhini alikuwa ameanza kuadhini alasiri. Bi. Sikudhani alikuwa bado na udhu wake wa adhuhuri, haujatenguka kwa lolote linalojulikana na watu. Hata hivyo alikwenda bombani, akafungua maji, akaanza kunawa upya tangu mwanzo, viganja kwanza, akisugua kile cha kushoto hadi kikawa chekundu.